Filamu ya Roger Stone: imemvua nguo au imempa kiki?

MzeeWaKahawa

Wakuu, za jioni.

Juzi umeme ulikatika mtaani, simu ina chaji, na bando langu lilikuwa linakufa saa sita usiku. Nikaona haliendi bure. Nikaingia Netflix kwa akaunti ya shemeji (nywila aliitoa mwenyewe, sikuiba) nikairudia Get Me Roger Stone. Mara ya kwanza niliitazama mwaka ule ule ilipotoka, 2017, nikaipenda mpaka nikawa nawasimulia watu kijiweni. Safari hii nimemaliza na kinyongo, na kinyongo chenyewe si kile walichokuwa nacho wahakiki. Ndiyo maana nafungua uzi.

Kwa ambao hawajaiona: si ya kuigiza, ni filamu ya maisha halisi ya Roger Stone, mtu wa mikakati wa chama cha Republican kule Marekani na mshauri wa Trump wa siku nyingi. Kwa lugha ya mtaani, fundi wa fitina. Waongozaji ni watatu, Dylan Bank, Daniel DiMauro na Morgan Pehme. Walimfuata miaka kama mitano, wakianza wakati Trump kugombea urais bado ni utani. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Tribeca, New York, Aprili 2017, ikaingia Netflix Mei 12.

Jamaa mwenyewe ni sinema tosha. Mwaka 1972, akiwa na miaka 19, yuko kwenye kampeni ya Rais Nixon. Kazi mojawapo: kumchangia hela Pete McCloskey, aliyekuwa anampinga Nixon ndani ya chama, kwa jina la umoja wa vijana wa kisoshalisti, halafu risiti ipelekwe gazetini ili McCloskey aonekane kibaraka wa wakomunisti. Miaka 19! Mimi umri huo nilikuwa naogopa hata mwenyekiti wa mtaa. Kashfa ya Watergate, iliyokuja kumng'oa Nixon, ilipofumuka jina lake likatajwa mbele ya kamati ya Seneti, kazi aliyokuwa nayo ikaota mbawa, na tangu hapo lile doa amelivaa kama nishani. Mgongoni, katikati ya mabega, amechora uso wa Nixon. Mzee ana suti za kushonewa, miwani ya mviringo, manukato unayahisi kupitia skrini, halafu akivua shati kuna rais aliyejiuzulu anakuchekea.

Filamu imepangwa kwa kanuni zake, zinatokea kwenye skrini moja moja kama majina ya kanga. Moja inasema afadhali kuwa na jina baya kuliko kukosa jina kabisa. Nyingine inasema chuki inamsukuma mtu kuliko upendo.

Sasa wahakiki. Wengi waliisifu: inakwenda mbio, inachekesha, na waliohojiwa ni wazito. Trump yumo, Paul Manafort, mshirika wa Stone wa zamani, yumo, mtangazaji Tucker Carlson yumo, na waandishi waliowachimba watu hawa miaka nenda rudi wamo, kina Jane Mayer, Jeffrey Toobin na marehemu Wayne Barrett. Waliolalamika walikuwa na jambo moja: mtu anayeishi kwa kutajwa mmemtengenezea filamu nzima ya kumtaja. Mmempa kiki.

Mimi nasema kiki siyo ugonjwa. Ugonjwa ni kwamba filamu imeupokea wasifu wake kama alivyouandika mwenyewe, na ule ukurasa mmoja unaotuhusu sisi huku ikaufunua na kuufunga. Nitaeleza. Kwanza niwasikie.

Kisiki

Nimeweka kambi. Lete huo ukurasa, mzee, usituzungushe kama mganga.

BintiMakorora

Mzee wangu shikamoo. Kwenye hili sikubaliani na wewe wala na hao waliolia kiki.

Mtu kama Stone huwezi kumvua nguo kwa kumkaripia. Ukimkaripia ndiyo unampa chakula. Dawa yake ni kumwekea kiti, umwashie taa, umwache aongee mpaka ajisahau. Kumbuka mwishoni anapoulizwa kuhusu watu wanaomchukia: anasema chuki yao anaifurahia, kwa sababu kama asingekuwa na makali wasingejisumbua kumchukia. Mimi pale nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Hakuna mtangazaji angeweza kusema kitu kibaya zaidi juu yake kuliko alichosema yeye kwa mdomo wake, tena anatabasamu.

Na wahakiki wa 2017 waliihakiki filamu ambayo haijaisha. Januari 25, 2019 akakamatwa alfajiri nyumbani kwake Florida, akatoka mahakamani Fort Lauderdale akiwa amenyoosha mikono yote miwili na vidole viwili viwili juu, ile alama ya Nixon. Novemba mwaka huo akatiwa hatiani kwa makosa yote saba: kulidanganya Bunge, kuzuia uchunguzi wa mkono wa Urusi kwenye uchaguzi wa 2016, kumtisha shahidi. Februari 2020 akapigwa miezi 40. Julai, kabla hajaingia ndani, Trump akaifuta adhabu, na Desemba 23 akampa msamaha kamili, siku moja na Manafort.

Ukiyajua hayo ukairudia, kila anapocheka unaona ni mtu aliyejua mlango wa nyuma uko wapi. Filamu haikumbeba. Ilimpiga picha tu kabla ya wengine.

MtazamajiWaUsiku

Binti umenena. Na kwenye kesi ile, mojawapo ya ushahidi ilikuwa ni ujumbe wa Stone akimhimiza shahidi aige mhusika mmoja wa The Godfather wa pili, yule anayefika mbele ya kamati ya Seneti akasahau kila kitu ghafla. Mtu anatisha shahidi kwa kunukuu sinema! Ungeandika hivyo kwenye muswada wa filamu, mhariri angekuambia umezidisha chumvi.

MzeeWaKahawa

Marahaba Binti. Hoja yako ya kiti na taa naielewa. Ila nisikilize.

Kumwacha mtu aongee kunafaa pale ambapo uongo wake utaonekana wenyewe. Stone anadanganya kwa upande wa pili, anajiongezea dhambi. Tumezoea watu wanaokana. Huyu anakiri hata ambayo labda hakuyafanya, kwa sababu kila fitina anayojitwisha inampandisha bei sokoni.

Chukua Miami, Novemba 22, 2000. Kura za Florida zinahesabiwa upya kwa mkono, Bush na Gore wanavutana. Kundi la watu wenye mashati ya kola, wengi wao wafanyakazi wa chama walioletwa kutoka nje ya jimbo, likavamia ofisi za uchaguzi za kaunti ya Miami-Dade, likapiga kelele na kugonga milango, na siku hiyo hiyo maofisa wakasitisha kuhesabu. Tofauti ya mwisho ya jimbo zima ikawa kura 537. Stone anasema yeye ndiye aliyeongoza, akiwa ndani ya gari na redio za mawasiliano. Kuna wenzake wa chama hicho hicho waliokuwepo wanaosema hakuongoza lolote. Sasa nani mkweli?

Filamu inalijua bishano hilo. Lakini muziki, mwendo na mpangilio wote unataka yeye awe ndiye, maana bila hivyo hakuna filamu, kuna mzee mmoja mwenye suti nzuri anayepiga stori. Huo ndio mtego. Mhakiki akiuliza "mbona mmempa jukwaa?", Stone anashinda. Swali lililotakiwa ni dogo na la kuudhi zaidi: "hivi hili ulilifanya kweli?"

Kisiki

Kama wale jamaa zetu, kila mgombea akishinda wanajitokeza kumi na mbili kusema "mimi ndiye niliyemweka pale". Akishindwa hata mmoja hapatikani kwa simu.

BintiMakorora

😂😂 Kisiki umenimaliza. Sawa mzee, hiyo nusu nakupa. Nusu nyingine bado naidai. Ukurasa wetu uko wapi?

MzeeWaKahawa

Haya. Mwaka 1980, Reagan ameshinda, Stone na wenzake Charlie Black na Paul Manafort wakafungua kampuni Washington, baadaye akaongezeka Peter Kelly. Black, Manafort, Stone na Kelly. Ujanja wao ulikuwa huu: mchana wanamsaidia mtu kuchaguliwa, usiku wanamuuzia mteja mlango wa mtu yule yule. Leo ni kawaida, wakati ule ilikuwa mpya.

Na wateja hawakuwa viwanda vya Marekani tu. Jonas Savimbi wa UNITA, waasi wa Angola, mkataba wa mwaka 1985, dola 600,000. Mobutu wa Zaire, 1989, dola milioni moja kwa mwaka. Ferdinand Marcos wa Ufilipino.

Savimbi walimfanyia kazi hasa. Mpiganaji wa msituni aliyekuwa anasaidiwa na makaburu alitua Washington mwanzoni mwa 1986 akiwa nadhifu, akazungushwa kwenye mahojiano na kumbi za chakula, akapokewa Ikulu na Reagan kama mpigania uhuru. Mwaka huo huo makombora ya Stinger, ya kutungulia ndege, yakaanza kwenda Angola. Vita ile iliendelea mpaka Savimbi alipouawa Februari 2002.

Filamu inaligusa. Inawataja madikteta, watu wanatikisa kichwa, kisha tunarudi kwenye suti na Nixon. Mimi nilikuwa nimenyanyua kikombe cha chai, nimekishusha, wameshahama. Na katika hakiki nilizosoma mimi, hakuna aliyelalamika kwamba sehemu ile ni fupi. Walikuwa wanabishana kama filamu imeihujumu demokrasia ya Marekani.

KakaWaLikoni

Mzee umesahau jirani, ama umetuonea haya?

Kenya tulikuwemo kwenye daftari la kampuni ile ile. Mwaka 1992 taasisi ya Center for Public Integrity ya Washington ilitoa ripoti ambayo jina lake tukilitia Kiswahili ni "Madalali wa Watesaji". Ilihesabu kampuni zinazolipwa na serikali zenye rekodi mbaya za haki za binadamu, nyingi zikiwa zinapokea msaada wa Marekani papo hapo. Serikali ya Moi ilikuwa inalipa kampuni hii zaidi ya dola 600,000 kwa mwaka, kati ya 1991 na 1993.

Sasa ziweke tarehe hizo kando ya zetu. Saba Saba, maandamano ya kudai vyama vingi, ni Julai 1990. Novemba 1991 wafadhili wanasitisha misaada mipya. Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kile cha chama kimoja, kinafutwa, vyama vingi vinarudi. Desemba 1992 uchaguzi. Yaani wakati mama zetu wanaambiwa serikali haina hela ya dawa hospitalini, kulikuwa na hela ya kumlipa mtu Washington awaambie wakubwa kwamba Nyayo House, iliyokuwa na vyumba vya mateso chini yake, ni jengo tu la ofisi.

Babangu alikuwa na redio moja ya mbao, usiku anaipunguza sauti asikie BBC, mlango umefungwa na kitasa. Wallahi hakuwa na habari kama kuna mtu mwenye suti analipwa kwa ajili ya ukimya ule.

Mwana-Kipushi

Jambo bandugu. Mi niko Lubumbashi. Muniachie Kiswahili changu, njo hiki niko nacho.

Mwaka 1989 mwezi wa sita Mobutu alipokewa Ikulu ya Marekani. Alikuwa kati ya marais wa mwanzo wa Afrika kupokewa na Bush mzee. Mwaka haujapita, usiku wa tarehe 11 Mei 1990, hapa kwetu kwenye kampasi ya chuo kikuu, wanafunzi wakavamiwa. Wangapi walikufa, mpaka leo watu wanabishana hesabu. Ubelgiji ikakata misaada.

Mi ile filamu nilitazama na kijana wangu kwa tafsiri ya Kifaransa chini. Jina la Mobutu lilipotokea nikamwambia, angalia vizuri sasa, watatuonyesha. Tukangoja. Kijana akaniuliza, "papa, ni hiyo tu?" Nikamwambia njo hiyo tu.

ShangaziMinneapolis

Wanangu, hamjambo. Niko huku miaka ishirini na kitu, Stone tumemla kwenye televisheni asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo naomba niweke maji kidogo kwenye huu mvinyo.

Wateja wa nje walikuwa kazi ya Manafort. Ndiye aliyekuwa anapanda ndege. Stone alikuwa mtu wa kampeni za ndani na wateja wa ndani. Hata Trump aliingia kwenye kampuni kama mteja wa mambo ya kasino. Stone alikula faida, jina lake liko mlangoni, sawa, lakini filamu inaitwa Roger Stone. Ukitaka ya Mobutu na Savimbi, tengeneza ya Manafort. Usimlaumu mpishi wa pilau kwa kutopika samaki.

Na mzee, tuwe wakweli: hata wewe 2017 uliipenda. Si umesema uliisimulia kijiweni?

MzeeWaKahawa

Shangazi umenibana. Niliisimulia, tena kwa madoido, na ya Mobutu nadhani niliiruka.

Ila la pilau na samaki silipokei lote. Jina lake liko mlangoni na Manafort amekaa kwenye kiti cha mahojiano ndani ya filamu hii hii. Kamera iko hapo, mtu yuko hapo. Muulize.

MtazamajiWaUsiku

Naomba niingie na filamu nyingine, maana hili la "mmempa jukwaa" halikuanza na kuishia kwa Stone.

Linganisheni na American Dharma, Errol Morris akimhoji Steve Bannon, aliyekuwa mkuu wa mikakati wa Trump Ikulu. Morris si mtoto: ndiye aliyetengeneza The Fog of War, aliyomhoji Robert McNamara kuhusu Vietnam, akachukua Oscar. Akampeleka Bannon kwenye banda la bati la kijeshi lililojengwa makusudi lifanane na la filamu ya zamani ya marubani wa vita, Twelve O'Clock High, kwa sababu Bannon anaipenda. Ikaonyeshwa Venice Septemba 2018. Wiki ile ile jarida la The New Yorker lilikuwa limemwalika Bannon kwenye tamasha lake, wageni wengine wakasusa, mwaliko ukafutwa. Kwa hiyo filamu iliingia ukumbini nyumba ikiwa tayari inaungua.

Wahakiki wengi walimwambia Morris umelegea, umemwashia taa nzuri, umemfanya jemadari. Ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila msambazaji Marekani, ikatoka Novemba 2019. Stone, mwenye dhambi za miaka 45, aliingia Netflix wiki tatu baada ya tamasha. Mwenye akili anieleze.

Mimi ninavyoona, ya Stone ilisamehewa kwa sababu inachekesha. Mtazamaji akicheka anajiona yuko juu ya mtu yule. Ya Bannon haikupi kicheko cha kujificha.

Lakini kuna sehemu moja ndani ya American Dharma siwezi kuisahau. Wanazungumza kuhusu Falstaff, yule mzee mnene wa Shakespeare aliyemlea mtoto wa mfalme kwenye vilabu vya pombe. Mtoto akivikwa taji anamkana mbele ya watu: sikujui wewe mzee. Morris anaona usaliti. Bannon anasema hapana, ndivyo inavyotakiwa kuwa, Falstaff alijua mwisho wake na ameridhika nao. Na huyo ni mtu aliyefukuzwa Ikulu mwaka mmoja nyuma. Hakukaripiwa, hakuulizwa swali gumu, lakini ukimtazama machoni unaona anajifariji.

Kwa hiyo namuunga mkono Binti: kiti na taa vinafanya kazi. Sharti mwenye kamera awe na subira, asiharakie kanuni inayofuata.

BintiMakorora

Na ile nyingine ya Bannon, The Brink ya Alison Klayman? Mwanamke na kamera yake, bila jukwaa la bati wala nini. Ilitoka Machi 2019. Anamfuata kwenye hoteli, ndege na mikutano ya watu wa mrengo wa kulia Ulaya. Bannon kila akipiga picha katikati ya wanawake wawili anarudia mzaha ule ule wa yeye kuwa waridi kati ya miiba. Ule ule! Mara ya kwanza unatabasamu, ikifika ya tatu unamwona ni mjomba wa kwenye harusi. Hapo ndipo alipovuliwa nguo.

Kisiki

Wazungu wenyewe kwa wenyewe hao. Sisi zaidi ya Mobutu wa zamani tunahusikaje?

KakaWaLikoni

Kisiki, Bannon alikuwa makamu wa rais wa Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za watu kwenye kampeni za siasa, kabla hajaenda kwa Trump. Kampuni hiyo ndiyo ilifanya kazi na upande wa Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, Kenya. Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilipowarekodi kwa kamera ya siri, bosi wao mmoja alijigamba kwamba chama chote walikibadilisha sura mara mbili, wakaandika ilani, hotuba, kila kitu.

Nami naweka ile ile ya mzee: anajigamba mbele ya anayemdhani mteja. Huenda nusu ni ukweli, nusu ni biashara. Lakini sisi 2017 tulipiga kura Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta Septemba mosi, tukarudi Oktoba. Watu walikufa. Halafu mtu anakaa hotelini London anautia kwenye wasifu wake kama mradi uliokamilika.

ShangaziMinneapolis

Hapo mwanangu sina maji ya kuongeza.

Ila kama kuna mtu anataka kumwona Stone bila vitambaa, atafute A Storm Foretold ya Mdenmaki Christoffer Guldbrandsen, ya 2023. Alimfuata miaka mitatu hivi, katikati akapata mshtuko wa moyo, akapona akarudi kazini. Vipande vyake vilionyeshwa mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza Januari 6, 2021, siku wafuasi wa Trump walipolivamia Bunge. Mule ndani hakuna muziki wa kumbeba. Ni mzee mwenye simu, anatukana, anaomba msamaha wa pili kwa Trump na haupati. Ile ya Netflix baada ya hii unaiona kama kadi ya mwaliko.

MzeeWaKahawa

Shangazi, hiyo nitaitafuta.

Mwana-Kipushi, nimeisoma komenti yako mara mbili. Nilitaka leo usiku niirudie sehemu ile ya kampuni nikiwa na saa mkononi, nihesabu sekunde, niwaletee hapa tuache kubishana kwa kukisia. Nimefungua, naambiwa nywila si sahihi.

Shemeji yumo humu jukwaani. Nadhani aliusoma uzi kuanzia mstari wa pili. Mwenye akaunti yake mwenyewe naomba atuhesabie.

Kisiki

Pole mzee. Hata wewe umekanwa kama Falstaff.